KUCHAGUA KAZI YA MAISHA



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, swali moja huulizwa katika nyumba nyingi za Kenya, za mjini na za mashambani: "Mtoto huyu sasa atafanya kazi gani?" Swali hili si geni. Katika mwaka wa 1966 Baraza la Makanisa, NCCK, lilitoa taarifa mashuhuri ambayo jina lake lenyewe lilikuwa swali: baada ya shule, kisha nini? Wakati ule shida ilikuwa ya watoto waliomaliza shule za msingi wasipate nafasi katika shule za sekondari, na kwa ajili yao vikaanzishwa vyuo vya ufundi vijijini. Tangu siku zile shule zimeongezeka sana, walakini swali limebaki lile lile. Tena sasa huja mapema zaidi, maana katika mtaala mpya mwanafunzi hana budi kuchagua njia moja kati ya tatu kabla ya kuingia Gredi ya 10: sayansi na ufundi, elimu ya jamii, au sanaa na michezo.

Sababu moja ya swali hili kuwa gumu ni kwamba watu wengi huchagua jina la kazi, wala hawaichagui kazi yenyewe. Neno daktari, wakili au mhandisi lina heshima barazani, na mzazi hupenda kulitamka mbele ya majirani. Lakini mtu hafanyi jina. Hufanya kazi ya kila siku, tangu asubuhi hata jioni, mwaka baada ya mwaka. Muuguzi hukesha wodini, huosha vidonda, na huandika kila dawa aliyompa mgonjwa na saa aliyompa. Mwalimu, watoto wakisha kwenda nyumbani, hubaki na rundo la madaftari ya kusahihisha. Fundi wa umeme hupanda darini penye joto na vumbi, na akikosea waya mmoja nyumba ya mtu yaweza kuungua. Wahenga walisema: Usione vyaelea, vimeundwa.

Basi jambo la kwanza limpasalo kijana ni kwenda kuitazama kazi anayoitamani kabla hajaijazia fomu. Na aombe ruhusa akae wiki mbili katika karakana ya seremala, au duka la dawa, au kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, akifagia na kubeba vyombo, na kuyatazama yote yanayotendeka. Kisha amwulize mwenye kazi maswali matatu. Ni sehemu gani ya kazi hii inayokuchosha? Ulijifunza muda gani hata ukaanza kujilisha kwa jasho lako? Kama ungekuwa kijana leo, ungeianza tena? Wako wazee watakaosema, "Mchagua jembe si mkulima." Methali hiyo ni ya kweli, lakini yakemea uvivu, haimkatazi mkulima kulitazama shamba kabla ya kupanda.

Jambo la pili ni kuijua milango ilivyo. Kwa kawaida, kijana aliyepata alama ya C+ katika KCSE aweza kuomba nafasi ya shahada katika chuo kikuu. Mwenye C- aweza kuomba diploma. Mwenye D, cheti cha ufundi. Na hata mwenye E hakufungiwa, kwa maana yako mafunzo ya ufundi wa mkono yanayompokea. Tena fundi aliyejifunza kazi yake katika jua kali, bila kuingia chuoni, aweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, akaanza na daraja la tatu, kisha la pili, hata la kwanza. Kwa hiyo kijana asijifiche nyumbani kwa aibu ya alama zake.

Jambo la tatu ni gumu zaidi, nalo ni kusema kweli nyumbani. Katika jamaa nyingi karo hutoka katika ng'ombe aliyeuzwa, au kipande cha shamba, au mchango wa ndugu. Ikiwa kijana amekubali masomo asiyoyapenda kwa kumwogopa baba yake tu, naye akayaacha katika mwaka wa pili, ng'ombe hatarudi, na pengine dada yake mdogo ndiye atakayekosa karo. Yafaa basi kijana aseme mapema, kwa adabu, akieleza aliyoyaona na hesabu ya gharama: ada, vifaa, nauli na miaka. Akiona vigumu kumkabili baba, na apitie kwa mjomba au kwa shangazi, kama desturi ilivyo. Na mzazi naye amsikilize hata mwisho kabla ya kujibu. Majuto ni mjukuu, huja baadaye.

Jambo la nne ni kwamba uchaguzi wa kwanza si kifungo cha maisha. Profesa Wangari Maathai alisomea elimu ya viumbe huko Marekani, akapata shahada ya kwanza mwaka 1964. Kisha mwaka 1971 akapata udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, katika elimu ya maumbile ya miili ya wanyama. Alipokuwa akichunguza kupe waletao ndigana kali, alikwenda mashambani kuwatafuta juu ya ng'ombe, na huko akaona ng'ombe waliokonda na mito iliyojaa udongo. Mwaka 1977 akaanzisha kazi ya kupanda miti, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Elimu yake ya kwanza haikupotea. Ndiyo iliyompeleka mahali alipoiona kazi nyingine. Lakini na ikumbukwe ya kuwa aliiona akiwa kazini, wala si akiwa ameketi akingoja.

Kwa hiyo kijana asiyejua bado atakalo asikae bure mpaka ajue. Na aishike kazi halali iliyo karibu naye, aifanye vema, na jioni ajiulize ni saa gani ya siku hiyo iliyopita upesi, na ni ipi iliyokataa kwisha. Akiyaandika hayo kwa miezi mitatu, atakuwa na habari za kumweleza baba yake, naye baba atajua ng'ombe wake anauzwa kwa ajili gani.