Kanuni za Uchaguzi Zisiamuliwe kwa Ndiyo na La: Mhadhara juu ya Mapendekezo ya 68 na 73 ya California



Naomba idhini yenu nipinge jambo ambalo kwa sura yake ya nje lina haiba kubwa, nalo ni ile desturi ya kuwaita wananchi vituoni ili, kwa alama moja ya ndiyo au la, wageuze kanuni za uchaguzi na fedha zinazouendesha. Wala sipingi kwa kuwadharau wananchi, la hasha, bali kwa kuwa nimeichungua kadhia iliyotokea katika jimbo la California, huko Marekani, mwaka 1988, nami naona waliodhulumiwa ni wananchi wenyewe.

Haki ya raia kutunga sheria kwa kura yao iliingia katika katiba ya California mwaka 1911, zama za Gavana Hiram Johnson, aliyekuwa akipambana na kampuni ya reli ya Southern Pacific, ambayo taathira yake katika siasa za jimbo ilikuwa imepindukia mipaka. Nia ilikuwa njema. Basi Juni 7, 1988, wapiga kura wakaletewa mapendekezo mawili kwa pamoja. Pendekezo la 68 lilitaka michango kwa wagombea wa bunge la jimbo iwekewe kikomo, na matumizi yao kadhalika, na mwenye kuridhia kikomo hicho apate ruzuku ya umma; wala ruzuku hiyo haikuwa pambo, maana tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Buckley na Valeo, mwaka 1976, serikali haiwezi kumlazimisha mgombea apunguze matumizi yake, ila akubali kwa hiari kwa kupokea fedha za umma. Pendekezo la 73, lililoasisiwa na wabunge watatu, Ross Johnson, Joseph Montoya na Quentin Kopp, liliweka vikomo vya michango, lakini likaharimisha kabisa fedha za umma katika kampeni.

Sasa mtazameni mpiga kura ndani ya kibanda chake, mtu aliyechoshwa na habari za matajiri na wabunge wao. Pendekezo la kwanza lapunguza michango: ndiyo. La pili nalo lapunguza michango: ndiyo tena. Hakuna mahali alipoulizwa ashike lipi endapo yatagombana. La 68 likapata karibu asilimia 53, la 73 asilimia 58, na kwa kuwa jumla yake yazidi mia, ni dhahiri kwamba wako wengi walioyakubali yote mawili, ilhali moja lilikuja kuubomoa msingi wa mwenzake.

Katiba ya jimbo yasema kwamba penye mgongano hutawala lile lenye kura nyingi zaidi. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya California ikahukumu kwamba la 73 limelifuta la 68. Na mwaka huohuo jaji wa shirikisho huko Sacramento akavibatilisha vikomo vya michango vya hilo la 73, kwa sababu vilihesabiwa kwa kila mwaka wa fedha, hivyo vikampendelea mbunge aliye kitini, anayekusanya mwaka baada ya mwaka, dhidi ya mshindani anayejitokeza mwaka wa uchaguzi tu. Mwaka 1993 mahakama ya jimbo ikakataa kulifufua la 68. Wananchi walivitaka vikomo mara mbili kwa siku moja, na katika chaguzi za kawaida wakabaki bila kimoja. Marufuku ya ruzuku ndiyo iliyosimama.

Nitaambiwa kwamba wabunge hawatajifunga kamba wenyewe, kwa hiyo raia hawana njia nyingine. Hoja hii ni nzito, nami siipuuzi. Lakini aliyelileta Pendekezo la 73 ni nani kama si wabunge, waliovaa kanzu ya mwananchi wa kawaida na kukusanya sahihi? Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, Mahakama ya Juu ya Kenya iliona hatari hiyohiyo Machi 31, 2022, katika shauri la BBI, yaani mpango wa kurekebisha katiba ya nchi hiyo, ilipohukumu kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya katiba kwa njia ya sahihi milioni moja, kwa kuwa njia hiyo ya kifungu cha 257 ni ya raia.

Rai yangu ni kwamba kanuni za fedha za uchaguzi ziandikwe na baraza la raia wasiogombea, likae hadharani, lisikilize mashahidi, lipime kila kifungu kwa swali la nani atanufaika nacho. Na maadamu kura ya namna ile haitaondoka kesho, yakitokea mapendekezo mawili yanayopingana, karatasi iwe na swali la tatu, lenye kuuliza lipi lishike iwapo yote yatapita, kama Waswisi walivyoamua mwaka 1987 kwa mapendekezo ya raia na yale ya bunge yanayoshindana nayo. Swali hilo lingalikuwamo katika karatasi za California mwaka uliofuata, wenye kuamua kati ya la 68 na la 73 wangalikuwa wapiga kura.