Takataka za Ofisi ni Jambo la Chama

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tumeombwa kusema machache juu ya kuzitengeneza ofisi zetu ili zisiharibu nchi. Twajua wengine wenu mnasema moyoni: hayo ni mambo ya wakubwa, sisi tuzungumze mishahara. Twawaomba mtuvumilie kidogo, kisha mtuhukumu.

Hebu tuufuate uchafu wa ofisi moja. Karani apiga chapa barua ya kurasa 20, aona kosa moja, azitupa zote. Jioni aenda zake nyumbani, taa zawaka na kompyuta zanguruma. Yeye ameondoka, lakini uchafu wake umebaki. Mfagiaji aingia, achukua pipa lenye karatasi, mabaki ya chakula, chupa za plastiki na taa ya mrija iliyovunjika. Ndani ya taa za namna hiyo mna zebaki, nayo ni sumu, na mfagiaji hana hata glavu. Kisha taka zapakiwa katika lori. Nyingi za Nairobi humwagwa Dandora, ambako watu, hata watoto, huzichokora kwa mikono wapate cha kuuza. Na stima ikikatika, jenereta lawashwa nyuma ya jengo. Anayevuta moshi ule wa dizeli si meneja, bali ni askari wa lango.

Basi mwaona, ndugu zetu. Uchafu wa ofisi hauishi kwa kutupwa. Hutoka mkononi mwa mfanyakazi mmoja ukaingia mkononi mwa mwingine, na kila mara humshukia yule mwenye mshahara mdogo. Ndiyo sababu twasema hili ni jambo la chama.

Sasa tufanye nini? Kwanza, yale yaliyo katika uwezo wetu wenyewe. Tuisome barua vizuri kabla ya kuipiga chapa. Tutumie pande zote mbili za karatasi. Mtu wa mwisho kutoka azime taa na mashine. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake ni wa baridi. Tufungue madirisha kabla ya kuwasha mashine za kupoza hewa. Ndugu zetu wa Mombasa wanazihitaji kweli, lakini nao wafunge milango zikiwaka. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwezi wa Agosti 2017, wengi walisema haiwezekani. Leo twabeba vikapu, na hatukufa.

Pili, yale yampasayo mwajiri. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi yenye afya. Sheria ya taka ya mwaka 2022 yataka taka zitenganishwe pale pale zinapotokea. Na sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Kwa hiyo tukidai mapipa mbalimbali, glavu, mahali pa kuwekea taa mbovu, na jenereta lihamishwe mbali na kibanda cha askari, hatuombi sadaka.

Tatu, tuwe macho. Katika ofisi moja tunayoijua, meneja alitangaza vita juu ya uharibifu wa mali. Jambo la kwanza alilolifanya ni kuondoa chai ya saa nne na kumwachisha kazi mfagiaji mmoja kati ya wawili. Mashine ya kupoza hewa chumbani mwake ikawaka mchana kutwa. Tena yakaletwa mapipa mazuri, la karatasi na la plastiki, na makarani wakatenganisha kwa bidii. Lakini yule mfagiaji aliyebaki alikuwa na kazi ya watu wawili na gunia moja tu, basi kila usiku vyote vilichanganyika tena. Hakuna aliyemwuliza neno. Angaliulizwa, angalisema siku ile ya kwanza.

Wafagiaji na maaskari wengi wameajiriwa na makampuni mengine, hawamo katika chama chetu. Lakini ndio wanaojua kila usiku kinachotupwa na kinachowaka bure. Twapendekeza, Bwana Mwenyekiti, kila ofisi yenye wanachama wetu idai kwamba mfagiaji na askari waitwe kusema mbele ya kamati ya usalama. Na kwamba fedha itakayookolewa kwa stima na karatasi inunue kwanza glavu na magunia, wala isitolewe katika chai au kazi ya mtu.

Ofisi haiwezi kuitwa safi ikiwa uchafu wake umo mapafuni mwa mwenzetu. Haba na haba hujaza kibaba, nasi tuanze kesho asubuhi.