Ganda la Babu na Koili ya Shaba

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wahitimu na wanafunzi siku ya mkutano wetu)



Nimeombwa niseme juu ya sayansi na maisha. Mimi ni mtumishi wa serikali na kazi yangu ya kila siku ni majalada, kwa hiyo nitasema juu ya kitu kimoja tu, ambacho nilikiharibu nikiwa kidato cha tatu hapa hapa Kibiti.

Babu yangu wa Salale, kule deltani, alikuwa na ganda la mzinga la shaba ya manjano, limekatwa likabaki kimo cha shubiri mbili, akilitumia kuwa kinu cha iliki na tangawizi. Nyumbani ilisemwa kuwa limetoka katika Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja mwezi Septemba 1914, kisha ikajificha katika matawi ya mto wetu hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10 ya sentimita 10.5, wakaendelea kupigana nayo nchi kavu. Mmoja wapo uko Mombasa hata leo. Hati ya ganda la babu sina, lakini shaba ilikuwa shaba kweli.

Likizo moja nikataka kulipanua mdomo liwe kama tarumbeta, nije kujivuna nalo shuleni. Nikaligonga kwa nyundo tangu asubuhi. Mwanzoni lilitii. Kufika adhuhuri likawa gumu, nyundo inaruka. Nikaongeza nguvu, likapasuka ufa wa urefu wa kidole. Babu hakugomba. Aliugeuzia ufa ukutani akaendelea kutwanga iliki yake. Heri angenichapa.

Chuo Kikuu ndiko nilikofahamu kosa langu. Shaba ya maganda ni mafungu 70 ya shaba nyekundu na 30 ya zinki, na kila ukiigonga hukaza na kuwa nyepesi kuvunjika. Dawa yake ni moto. Kiwandani ganda huanza kama kisahani, huvutwa kidogo kidogo hadi liwe refu, na kati ya mvuto na mvuto hupashwa moto lilainike. Mwisho shingo hulainishwa tena, lakini kitako huachwa kigumu, maana ndicho kinachobeba kishindo cha baruti. Waingereza walijifunza hayo kwa hasara huko India: maganda yao yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe wakati wa mvua, kwa sababu ya hewa ya amonia na mkazo uliobaki ndani ya shaba.

Shida ni kwamba moto wa mkaa hauchagui. Ukilitia ganda mkaani, shingo na kitako vyote hulegea. Ndipo nikaikumbuka kanuni ya Faraday ya mwaka 1831, ambayo sisi tuliikariri bila kuelewa: sumaku inayobadilika huzaa umeme ndani ya metali iliyo karibu. Umeme huo huzunguka humo humo na kuipasha moto, pale tu ulipo mzingo wa waya.

Nikanunua kipande cha bomba la shaba la friji, nikalizungusha mara saba juu ya mpini wa jembe. Nikaongeza transista mbili, kapasita kadhaa na betri ya gari. Mke wangu aliihamishia kazi hiyo uani baada ya kapasita ya kwanza kupasuka. Msumari ulikuwa mwekundu mara moja, nikashangilia. Pete ya shaba ikapata joto la uji tu. Nilikuwa nimesahau kwamba chuma hushika sumaku na huuzuia umeme zaidi, kwa hiyo huchemka upesi, wakati shaba huupitisha umeme kwa urahisi. Ilinibidi nisogeze mizunguko karibu zaidi na kitu, bila kugusana, na kupitisha maji ndani ya bomba lisiyeyushe viungo vyake. Sasa kipande chembamba cha shaba hulainika kwa sekunde chache. Ukiona kimewaka wekundu mkali, umekwisha kukiharibu. Na kukitumbukiza majini hakukifanyi kigumu, tofauti na chuma cha pua.

Wadogo zangu, vipande ninavyotumia nimevinunua dukani. Mkiokota deltani au shambani kitu kinachofanana na risasi au kombora, msikiguse, msikipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mwiteni polisi. Baruti ya zamani haina adabu ya uzee.

Babu alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni. Ganda ninalo. Koili yangu ni ndogo mno kwa ukubwa wake, na hata ingekuwa kubwa, moto hulainisha, hauungi ufa. Koili yenyewe nimekuja nayo iwe mali ya maabara. Imo ndani ya sanduku chini ya meza hii, na mwalimu wa fizikia ameomba betri ya trekta kwa jirani ili tuiwashe baada ya chakula.