Kuchagua Uwiano wa Gia kwa Land Rover ya Zamani Iliyobadilishwa Injini



Utangulizi

Mteja analeta Land Rover Series III fupi, ile ya inchi 88. Injini ya petroli ya lita 2.25 imechoka, anataka afungiwe dizeli ya tabo ya 200Tdi, iliyoanza na Discovery mwaka 1989. Sisi hukimbilia maunti za injini, rejeta na egzosi. Gia tunazikumbuka siku ya kulijaribu gari, injini inapopiga kelele kwenye 80 na haina pa kwenda zaidi. Hoja yangu ni kwamba hesabu ya gia ifanyike kabla ya kushika spana, na ianzie kwenye nguvu ya injini, si kwenye mwendo anaoutamani mteja.

Kupima tairi

Tia alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari mpaka alama ya tairi irudi chini, kisha pima umbali kutoka alama ya sakafuni. Maandishi ya ubavuni hayatoshi, kwa sababu tairi lililobeba gari hubonyea. Tuseme tairi la 7.50-16 limetupa mita 2.45.

Giaboksi ya Series III ina 3.68 namba moja, 2.22 namba mbili, 1.50 namba tatu na 1.00 namba nne. Giaboksi ndogo ya fo-wili ni 1.148 kwenye gia nyepesi na 2.35 kwenye gia nzito. Difu ni 4.7. Zidisha zote tatu: namba nne inakuwa 5.40. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, gari linakwenda kilomita 82 kwa saa. Kwa dizeli, hapo ndipo kelele inapoanza kuchosha.

Njia mbili

Ya kwanza ni kufunga difu za 3.54 kutoka Range Rover ya zamani. Kwa mizunguko ileile 3,000 mwendo unapanda hadi kilomita 108. Ya pili ni kuacha difu za 4.7 na kuongeza ovadraivu ya Fairey, yenye uwiano wa 0.782. Hiyo inatoa kilomita 104. Barabarani tofauti ni ndogo. Tofauti kubwa iko kilimani.

Ukiwa na ovadraivu unaweza kuizima, na namba moja ikabaki na jumla yake ya 19.9. Ukiwa na difu za 3.54, jumla hiyo inashuka hadi 15.0. Je, gari litapanda mlima wa Kitonga na mzigo? Injini ya petroli ilikuwa na nguvu ya kuzungusha ya takriban Nm 165, mara 19.9, magurudumu yanapata kama Nm 3,280. Dizeli hii ina Nm 265 kwenye mizunguko 1,800, mara 15.0, ni kama Nm 3,970. Kwa hiyo hata baada ya kulegeza difu, namba moja ya dizeli inavuta kuliko ya petroli ilivyovuta.

Giaboksi nayo inaafikiana na injini hii. Ukibadili gia kwenye 3,000, mizunguko inaangukia takriban 1,810 namba mbili, 2,030 namba tatu na 2,000 namba nne. Kila mara unatua juu kidogo ya 1,800, mahali injini inapovuta vizuri zaidi. Lakini kijijini, kwenye 50, ukiwa na difu za 3.54 namba nne inashuka hadi kama 1,380. Mwambie mwenye gari arudi namba tatu.

Mitego

Badilisha difu ya mbele na ya nyuma kwa pamoja. Zikitofautiana, siku atakapoingiza fo-wili kwenye ardhi kavu kitu kitavunjika. Hesabu pia meno ya afushafti: Series hutumia 10 upande wa difu, na difu ya meno 24 haiingii.

Mtego wa tatu ulinipata mwenyewe. Spidomita ya Series huendeshwa kutoka giaboksi ndogo, kwa hiyo haijui kwamba difu imebadilika. Mwenye gari la kwanza nililolibadilisha hivi alisimamishwa na trafiki akiapa kwamba mshale ulikuwa kwenye 80. Hakuwa mwongo. Alikuwa kwenye 106, na kosa lilikuwa langu. Ovadraivu haina tatizo hilo.

Hitimisho

Kwa 200Tdi, funga difu za 3.54 na urekebishe spidomita. Ovadraivu iliundwa kwa injini ndogo. Nguvu ya tabo itaimaliza mapema ikivutishwa kilimani. Kama mteja anabaki na petroli yake, mwachie difu za 4.7 na umwekee ovadraivu, kwa maana injini ile haina nguvu ya kusukuma namba nne ya 3.54.

Wako watakaotaka vyote viwili. Hesabu inatoa kilomita 139 kwenye mizunguko 3,000, ndani ya gari lenye breki za madramu. Mteja akiomba hivyo, ndugu zangu, mkataeni.