Walimu wa Malawi na darasa la chini ya mti

Mwaka 1994 wananchi wa Malawi walipiga kura ya vyama vingi, na serikali mpya ya Rais Bakili Muluzi ikafuta karo katika shule za msingi. Idadi ya wanafunzi, iliyokuwa karibu milioni 1.9, ikapanda katika mwaka mmoja tu hadi kukaribia milioni 3. Watoto walifika, lakini madarasa ya kuwapokea hayakuwapo.

Serikali iliajiri walimu wapya wapatao 20,000. Wengi wao walikuwa vijana waliotoka shule za sekondari, wakapewa maelekezo ya majuma mawili, kisha wakakabidhiwa chaki. Wasikilizaji wenye umri wa kutosha wataikumbuka hali ya namna hiyo hapa nchini. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Tanzania nayo iliwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafunza ualimu huku wakifundisha. Kwa hiyo mtu wa huku hana sababu ya kuwacheka wenzake wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa.

Kijana huyo wa Malawi alikuta nini? Alikuta watoto zaidi ya 100 wameketi chini ya mti, na ubao umeegemezwa kwenye shina. Mawingu yalipotanda, somo lilikwisha. Vitabu vilikuwa vichache, na madaftari ya kusahihisha yalikuwa rundo.

Walikuwapo waliokata tamaa, na si haki kuwalaumu kwa pupa. Lakini walikuwapo pia waliojiuliza kila asubuhi ni jambo gani linaloweza kufundishwa siku hiyo, kwa vitu vilivyopo. Walifundisha hesabu kwa vizibo vya chupa na magunzi ya mahindi. Walifinyanga herufi kwa udongo. Waliandika maneno juu ya magunia makuukuu yaliyopasuliwa, wakayatundika matawini. Waliwagawa watoto katika vikundi, na aliyekwisha kuelewa akamfundisha mwenziwe. Utaratibu huo ulipewa nafasi yake katika vyuo vya ualimu vya Malawi, ukajulikana kwa kifupi kama TALULAR, yaani kufundisha na kujifunza kwa kutumia vitu vinavyopatikana mahali penyewe.

Yafaa kutazama kwa makini tofauti baina ya walimu hao. Haikutokana na mshahara, maana waliokata tamaa na waliojituma walilipwa sawasawa. Mwalimu hawezi kuzuia mvua, wala hawezi kujenga darasa kwa mikono yake miwili. Awezalo ni kufika kwa wakati, kuyajua majina ya watoto, na kumtambua yule ambaye hajaonekana kwa siku tatu. Hayo yamo katika uwezo wake, na hakuna waziri awezaye kumfanyia.

Hata hivyo, moyo wa mwalimu si hazina ya serikali. Kwa miaka mingi walimu wengi wa vijijini nchini humo walilazimika kuacha watoto na kusafiri kufuata mshahara, ambao mara nyingine ulichelewa. Serikali inayousifu moyo wa kujitolea huku ikichelewesha haki za mwalimu inakopa bila nia ya kulipa. Mwaka 1997 Malawi ilianzisha mpango wa kuwafunza walimu hao walioingia kazini bila mafunzo: miezi 3 chuoni, kisha miezi 20 ya kujifunza wakiwa shuleni kwao. Huo ulikuwa ulipaji wa deni, ingawa si deni lote.

Lengo la serikali ya Malawi ni wanafunzi 60 kwa mwalimu mmoja, lakini katika shule nyingi madarasa ya chini bado yamefurika. Mtoto aliyeanza shule mwaka 1994 leo ni mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, na huenda mwanawe anahesabu vizibo katika darasa lenye watoto zaidi ya mia.