Maji Moto, Maji Baridi na Embe la Ukambani

Embe la Makueni huweza kuwa jekundu shavuni, zito mkononi na lenye harufu ya kuita wageni, kumbe ndani limebeba yai dogo kuliko punje ya mchele. Yai hilo ni la nzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa nchini Kenya mwaka 2003. Uharibifu wake ulikuwa miongoni mwa sababu zilizoifanya Kenya, mwaka 2014, kusimamisha yenyewe uuzaji wa maembe katika Umoja wa Ulaya. Soko hilo lilifunguliwa tena mwaka 2021.

Njia mojawapo ya kumuua mdudu huyo bila kemikali ni kuliogesha embe. Kwa maembe ya Mexico yanayoingia Marekani, utaratibu ni maji ya nyuzi 46.1 za Selsiasi kwa dakika 65 hadi 110, kulingana na umbo na uzito wa tunda. Joto likipungua, buu hutoka salama. Likizidi, ngozi hubabuka na mnunuzi hukataa mzigo. Mada hii inahusu mwanya huo mwembamba.

Joto hilo hupatikana kwa kuchanganya maji moto ya boila na maji baridi ya tangi, na likienda kombo wengi humlaumu mtu wa boila. Mtoa mada anaona lawama hiyo haijaenda mahali pake: boila hubadilika kidogo, ila maji baridi hubadilika kila saa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Maji ya boila yakiwa nyuzi 90 na ya tangi nyuzi 24, lita 1,000 za nyuzi 46.1 zinahitaji takribani lita 335 za moto na 665 za baridi. Fundi akishaupata uwiano huo alfajiri, huzitia koki zake alama ya rangi na kwenda kunywa chai. Saa nane mchana, tangi jeusi la plastiki lililoanikwa juani limefika nyuzi 32. Koki hazijaguswa, uwiano ni ule ule, lakini mchanganyiko sasa una nyuzi 51. Maembe yanachemka na hakuna aliyekosea, isipokuwa jua.

Ndiyo maana mkono wa binadamu hautoshi. Vali ya kuchanganya yenye nta hufanya kazi hiyo bila umeme: nta ikipata joto hutanuka na kusukuma pistoni inayobana njia ya maji moto, ikipoa husinyaa na kuiachia. Kwenye mitambo mikubwa, kihisi hupeleka habari kwa kidhibiti, nacho huendesha vali ya njia tatu. Hata hivyo, vali nzuri huharibiwa na kihisi kilichowekwa vibaya. Kikiwa pale pale maji yanapokutana, husoma mkondo mmoja kabla haujachanganyika na mwingine. Kikiwa mbali mno, habari hufika imechelewa, na vali hubaki ikifukuzia joto lililokwisha kupita, mara juu, mara chini.

Kitui na Makueni zina shida ya ziada. Visima vingi huko hutoa maji ya chumvi, na maji hayo yakipashwa moto huacha ukoko mweupe kwenye mabomba na juu ya kihisi. Kihisi kilichovishwa koti hilo husoma polepole. Kisha kuna shinikizo: pampu ya maji baridi ikizimika ghafla, upande wa moto hutamalaki, kwa hiyo vali iwe ya aina inayojifunga maji baridi yakikatika.

Embe lenyewe pia ni baridi. Kilo 500 za maembe ya nyuzi 22 zikitumbukizwa katika lita 2,000 za nyuzi 46.1, bila joto la kuongezea, maji hushuka hadi karibu nyuzi 42. Saa ya kuhesabu dakika isianze hadi joto lirejee.

Wafugaji nyuki wa Mwingi wanayajua haya kwa njia nyingine: asali iliyoganda huyeyushwa kwa maji ya vuguvugu yanayozunguka chombo, na yakizidi moto, harufu yake hupotea.

Kabla ya msimu wa Desemba, kila mwenye tangi apime kipimajoto chake katika barafu inayoyeyuka, kisome sifuri. Asikipime kwa maji yanayochemka akitarajia 100: mjini Kitui, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, maji huchemka kwa nyuzi 96 hivi.