Kompyuta Zetu, Radi na Waya wa Ardhi

(Maneno kwa walimu wakuu, makarani wa parokia na viongozi wa vikundi vya akina mama na vijana, Kisii na Nyamira)



Mtajiuliza, watu wa maendeleo ya jamii wana habari gani na nyaya za stima? Kweli, sisi si mafundi. Kazi yetu ni kukaa na vikundi, kuhesabu michango, na kuuliza kama kitu kilichonunuliwa kinafanya kazi au kimelala. Na katika kuuliza huko tumekuta mara nyingi chumba kimefungwa kufuli, ndani yake kompyuta zimefunikwa vitambaa vilivyodariziwa vizuri, na hakuna hata moja inayowaka. Ukiuliza unaambiwa, "Zilichomwa na radi." Au, "Hizo zina shoti, zinapiga watoto."

Jambo la kwanza ni mali ya watu. Zile ni pesa za majani chai, za ndizi, za harambee. Jambo la pili ni kubwa zaidi: mashine inayompiga mtoto leo kidogo inaweza kumpiga kesho asiamke. Kwa hiyo tuliwauliza mafundi wa stima wenye leseni, wakatueleza, na leo tunawaletea yale tuliyoyaelewa.

Neno moja, mambo matatu

Sisi huku tunaita kila kitu "shoti". Lakini mambo ni matatu, na kila moja lina dawa yake. Kuna umeme tuli, ule wa sweta. Kuna stima ya ukutani inayovuja mpaka kwenye bati la kompyuta. Halafu kuna radi.

Tuanze na umeme tuli. Asubuhi zetu ni baridi na karibu kila mtu ana sweta. Ukivua sweta ya nailoni usiku unasikia inalia ta-ta-ta, na gizani unaona vimulimuli. Vitu viwili vimesuguana, kimoja kimemwachia mwenzake umeme, na umeme huo umekaa tu mwilini kwa sababu hauna njia ya kwenda chini. Ukigusa chuma, unaruka mara moja: ta! Umekwisha.

Mafundi wanasema binadamu hausikii umeme huo mpaka ufike karibu volti 3,000. Lakini baadhi ya vipande vya ndani ya kompyuta vinaweza kuharibika kwa volti 100 tu, au chini ya hapo. Kumbe unaweza kuua kipande bila wewe mwenyewe kusikia lolote. Na wakati mwingine hakifi siku hiyo. Kinajeruhiwa, kinafanya kazi mwezi mmoja au miwili, halafu kompyuta inaanza kujizima ovyo, na kila mtu analaumu muuzaji.

Je, sisi wa Gusii tuogope sana? Hapana, si sana. Umeme tuli hupenda hewa kavu. Mtu akitembea juu ya zulia mahali pakavu kabisa anaweza kubeba hata volti 35,000. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, mwendo ule ule unampa kama 1,500. Kwetu mvua hunyesha karibu mwaka mzima, kwa hiyo tuna nafuu kuliko ndugu zetu wa Turkana au Garissa. Lakini hesabu wenyewe: 1,500 ni mara kumi na tano ya ile 100. Na Januari na Februari, vumbi likianza kuruka, nafuu yetu hupungua.

Habari njema ni kwamba kompyuta iliyofungwa vizuri ina bati lake la kuikinga. Hatari huja siku ya kuifungua, kwa mfano kijana anapoongeza kumbukumbu au kupangusa vumbi. Basi siku hiyo tufanye hivi:

Kwanza, zima kompyuta na uchomoe plagi ukutani. Pili, vua sweta ya nailoni, na usifanyie kazi juu ya mkeka wa plastiki. Tatu, gusa bati tupu la kompyuta, sehemu isiyo na rangi, kabla ya kugusa kitu cha ndani, na ulirudie kila baada ya muda mfupi. Nne, shika kipande kwa pembeni, usiguse vile vidole vyake vya rangi ya dhahabu. Kipande kipya kikae ndani ya mfuko wake maalumu mpaka dakika ya kukifunga.

Kuna pia ukanda wa mkononi ambao mafundi huvaa, wenye waya unaobanwa kwenye bati. Ununuliwe ule wa dukani. Msijitengenezee kwa waya mtupu, kwa sababu ule wa dukani una kizuizi ndani yake ili stima kubwa ikitokea isipite mwilini kwa nguvu. Na jamani, sanduku la ndani linalopokea stima, pamoja na skrini za zamani zenye mgongo mkubwa, msizifungue. Hizo hubaki na umeme hata zikichomolewa.

Mashine inayotekenya

Sasa tuje kwa lile linalotusumbua zaidi. Mtoto anagusa bati la kompyuta na kusema, "Mwalimu, inanitekenya." Mwalimu anajibu, "Ni umeme tuli tu, zoea." Hapana! Umeme tuli hupiga mara moja ukaisha. Kama mtekenyo unaendelea muda wote kompyuta ikiwa kwenye stima, na unaisha ukichomoa plagi, hiyo ni stima ya ukutani. Inakuambia kwamba waya wa ardhi haupo au umekatika.

Tuelezane polepole. Soketi zetu za Kenya zina matundu matatu. Mawili ya chini ni ya stima kuja na kurudi. Lile la juu ni la ardhi. Kutoka hapo waya unatakiwa kwenda mpaka kwenye nondo ya shaba iliyopigwa ndani ya udongo nje ya nyumba. Kompyuta ya mezani kwa umbile lake humwaga stima kidogo sana kwenye bati lake, na waya wa ardhi huichukua ikaenda zake. Waya ule usipokuwepo, bati linakaa na karibu nusu ya zile volti 240. Stima hiyo ni nyembamba, inatekenya tu. Lakini siku waya wa ndani ukichubuka na kugusa bati, hakuna mtekenyo tena. Bati zima linakuwa na volti 240, fyuzi haikatiki kwa sababu stima haina njia, na njia itakayopatikana ni mtoto aliyesimama miguu mitupu juu ya sakafu yenye unyevu.

Waya huo hupotelea wapi? Tumeona sehemu nne. Ya kwanza ni plagi. Kompyuta nyingi za mitumba hutoka Ulaya zikiwa na plagi nene ya pini mbili za mviringo. Watu hudunga kalamu kwenye tundu la juu la soketi, kifuniko kinafunguka, plagi inasukumwa kwa nguvu, kompyuta inawaka, makofi! Lakini plagi ile ardhi yake iko pembeni, kwenye vibati, na soketi yetu haina pa kuvigusa. Kompyuta inawaka bila ardhi. Dawa yake ni waya wa plagi ya pini tatu, kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika chumba kile.

Ya pili ni extensheni za bei rahisi ambazo tundu la tatu ni pambo, ndani hamna waya. Ya tatu ni nondo yenyewe: imeoza, imelegea, au waya wake wa shaba umekatwa usiku na kuuzwa kwa kilo. Ya nne ndiyo mbaya kuliko zote. Fundi asiyesoma anaunganisha tundu la ardhi na waya wa kurudisha stima, ili kipimo chake kionyeshe kwamba ardhi ipo. Waya huo wa kurudisha ukikatika hata mara moja, mabati ya kompyuta zote chumbani yanakuwa stima.

Radi

Sasa radi, mwenyeji wetu wa saa tisa mchana. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima yetu, jua likiwa limewasha ardhi, na jioni haijafika mawingu yananguruma. Hatuko peke yetu. Watafiti waliotumia setilaiti walitangaza mwaka 2016 kwamba Kabare, huko Kivu ya Kusini nchini Kongo, hupata miali kama 205 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba, ya kwanza katika Afrika nzima. Na tusisahau Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda. Juni 2011 radi ilipiga darasa, ikaua wanafunzi 18 na mwalimu wao.

Wengine huku radi ikipiga hutafuta jirani wa kulaumu. Tumeona boma likigawanyika kwa maneno hayo. Ndugu, radi hutafuta njia fupi ya kuingia ardhini: mti mrefu, mnara, paa la mabati, waya wa stima. Haijui jina la mtu.

Na haihitaji kupiga paa lenu ili kuua kompyuta. Ikipiga nguzo za stima mbali kidogo, nguvu inakuja kwa waya mpaka ndani. Kile kifaa cha kuzuia stima kali mlichouziwa kinafanya kazi kwa kuisukuma nguvu hiyo kwenye waya wa ardhi. Kama ardhi haipo, kinaisukuma wapi? Betri ya kushikilia stima nayo haiwezi kuzuia radi iliyopiga karibu.

Kwa hiyo, wingu likianza kukusanyika, zimeni na mchomoe plagi ukutani, pamoja na waya wa intaneti na wa antena. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Na fanyeni hivyo mapema, si radi ikiwa tayari juu ya paa. Hesabuni kutoka mwali mpaka mngurumo: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ikiwa chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita kumi. Wakati huo waacheni waya, watoto watoke uwanjani na chini ya miti, wakae mbali na kuta, madirisha na mabomba, na mngoje dakika 30 baada ya mngurumo wa mwisho.

Shule ikitaka kikinga-radi, kiwekwe na mtaalamu, na nondo zake ziunganishwe na ile ya stima. Ardhi mbili zisizojuana ndani ya jengo moja huleta hatari nyingine, radi huruka kutoka moja kwenda nyingine.

Tufanye nini tukirudi

Udongo wetu mwekundu wenye unyevu ni rafiki wa kazi hii, nondo huingia vizuri na umeme hupita. Penye mawe, kama upande wa Tabaka, fundi anaweza kuhitaji nondo zaidi ya moja. Lakini hata penye udongo mzuri tusikisie. Kuna kipimo cha ardhi, na kwa kikinga-radi mafundi hutaka kisomeke omu 10 au chini. Mwambieni fundi awaonyeshe leseni yake ya EPRA, apime mbele yenu, aandike namba kwenye daftari la kamati na atie sahihi. Kipimo kirudiwe kila mwaka wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu, kwa sababu hapo ndipo ardhi huwa dhaifu.

Kisha kuna neno gumu kidogo kwa kamati. Tunajua siku ya kufungua chumba cha kompyuta kila mtu anataka kuhesabu mashine kumi mbele ya wageni. Hakuna mgeni anayeomba kuonyeshwa nondo iliyozikwa nyuma ya jengo. Lakini tunawasihi: mkiwa na pesa za kompyuta kumi, nunueni tisa, na pesa ya ile moja iende kwenye waya wa ardhi, plagi nzuri, na ile swichi inayokata stima yenyewe ikianza kuvuja. Tisa zitakuwa hai baada ya miaka mitano. Kumi zisizo na ardhi zinaweza kulala zote mchana mmoja wa Aprili.

Kazi ya nyumbani ni ndogo. Kesho asubuhi zungukeni nyuma ya jengo lenu, mtafute nondo. Mkiiona, fuateni waya wake kwa macho mpaka ukutani, mwone kama umekatika au kulegea, lakini msiuguse. Msipoiona, fungeni chumba, mwiteni fundi, na watoto wasubiri. Afadhali wasubiri wiki mbili.

Sasa tuleteeni maswali.